Aliyekalia Kiti cha Mpendwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, s.a.w., jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Huenda msomaji akastaajabu kuuona ukurasa huu, ambao aghalabu huzungumzia malezi na mambo ya ndoa, wiki hii ukizungumzia mpira wa miguu na makocha wake. Mada hii sikuichagua mimi. Niliiletewa na mama mmoja, pamoja na neno ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni.

Darsa ya akina mama ilikuwa imekwisha na mikeka ilikuwa ikikunjwa. Mama huyo alibaki nyuma mpaka wenziwe walipotoka, kisha akasema, "Shikamoo, Sheikh. Nina neno, lakini naona haya kulisema."

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Haya ni jambo jema, lakini isikuzuie kuuliza."

Akasema, "Mume wangu alifiwa na mkewe, nami nimeolewa katika nyumba ile, huu ni mwaka wa pili. Nimekuta watoto watatu. Marehemu nasikia alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini kila nikipika, chumvi yangu hupimwa kwa chumvi yake. Mtoto akifanya vibaya skuli, huambiwa mbele yangu kwamba zama za mama yake mambo hayakuwa hivi. Nimenyamaza. Juzi usiku nilimsikia mume wangu barazani akibishana na wenziwe juu ya kocha mpya wa timu yao. Aliwaambia, 'Mpeni muda, jamani! Huyu amekuta timu ya watu. Mpeni misimu mitatu, ndipo mumhukumu.' Sheikh, nilisimama nyuma ya dirisha nikalia. Mtu wa Ulaya asiyemjua ampa misimu mitatu. Mimi hakunipa hata mwezi mmoja."

Nimeyaandika haya kwa idhini yake, na kwa idhini ya mtu wa pili nitakayemtaja mwishoni. Tena nimebadilisha mambo mawili matatu ili wasitambulike. Nimeyaandika kwa sababu naona ndani ya maneno ya mama huyu mna somo linalotufaa sote, wapenzi wa mpira na wasioupenda.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu nitaeleza kidogo. Kocha, ambaye katika klabu za Uingereza huitwa pia meneja, ndiye achaguaye wachezaji kumi na mmoja wa kuingia uwanjani, apangaye mbinu za mchezo, na ambaye huwa na kauli katika kununua na kuuza wachezaji. Mchezaji akikosa bao hulaumiwa siku moja; timu ikishindwa mwezi mzima, lawama zote humwangukia kocha. Kwa hivyo, ajapo kocha mpya, mamilioni ya watu ambao hawajapata kumwona ana kwa ana humkalia kitako wakamhukumu, kuanzia Manchester hadi Majengo, kuanzia London hadi Lamu. Katika mwambao wetu huu, nyumba moja yaweza kuwa na baba wa Manchester United, kijana wa Arsenal na mjomba wa Liverpool. Katika miezi ya baridi ya huko, mechi ianzayo Uingereza saa tisa alasiri huwa kwetu ni saa kumi na mbili jioni, na adhana ya Magharibi husikika kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Hapo ndipo mke na watoto hujua ni nani atakwenda msikitini na nani atasubiri mapumziko.

Nami si mgeni wa mchezo huu. Ujanani tuliucheza ufukoni maji yakipwa, na hadi leo nikipita penye kelele za mpira huuliza matokeo. Siandiki, basi, kwa kuudharau. Naandika kwa sababu shabiki huonyesha uwanjani tabia ambayo nyumbani huificha, au, kama ilivyokuwa kwa mume wa mama yule, huonyesha barazani insafu ambayo nyumbani huisahau.

Usia wa Jumapili moja

Juu ya kocha anayerithi kiti cha mpendwa, sijui kisa kilicho wazi kuliko cha Manchester United mwaka 2013. Alex Ferguson, mtu wa Uskoti, aliiongoza klabu hiyo tangu Novemba 1986 hadi Mei 2013, zaidi ya miaka 26. Aliipatia mataji 38, na 13 kati ya hayo yalikuwa ya ubingwa wa ligi. Walikuwako vijana waliozaliwa, wakasoma na wakaoa pasina kumjua kocha mwingine wa timu yao.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2013, baada ya mechi yake ya mwisho nyumbani Old Trafford dhidi ya Swansea, mzee huyo alishika kipaza sauti akawaaga mashabiki. Katika maneno yake palikuwa na usia mmoja mkubwa. Aliwakumbusha kwamba alipopitia siku ngumu, klabu ilisimama naye, wafanyakazi walisimama naye na wachezaji walisimama naye. Basi wao nao, kazi yao tangu siku ile ni kusimama na kocha mpya. Umati ukashangilia.

Kocha huyo mpya alikuwa David Moyes, Mskoti mwenziwe, aliyekuwa ameiongoza Everton kwa miaka 11. Alipewa mkataba wa miaka 6. Mashabiki wakatundika jukwaani bango kubwa lenye picha yake, wakimwita Mteule. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kweli mapokezi yalikuwa ya vifijo.

Vifijo vile havikudumu. Timu aliyoirithi ilikuwa bingwa, lakini baadhi ya nguzo zake zilikuwa zimefika ukingoni mwa umri wa kucheza. Mwanzoni mwa Desemba 2013, Everton, klabu ileile aliyotoka, ilikuja Old Trafford ikashinda bao 1–0. Siku tatu baadaye Newcastle nayo ikashinda 1–0, jambo ambalo haikupata kulifanya katika uwanja huo tangu mwaka 1972. Kufikia Machi 2014, baadhi ya mashabiki walikodi ndege ndogo ipite juu ya uwanja siku ya mechi na Aston Villa, ikikokota bango lisemalo kwamba huyu siye, na aondoke. Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba wengi waliokuwa uwanjani siku ile waliizomea ndege hiyo, na timu yao ikashinda 4–1. Lakini tarehe 22 Aprili 2014 Moyes alifutwa kazi. Mkataba wa miaka 6 ulikatika kabla ya kutimia miezi kumi tangu aanze kazi, na timu ikamaliza msimu katika nafasi ya saba.

Je, mashabiki waliokasirika walikuwa na sababu? Naam, matokeo yalikuwa mabaya, na mwenye macho haambiwi tazama. Lakini hebu tutazame pia yaliyofuata. Alikuja Louis van Gaal, akaja José Mourinho, akaja Ole Gunnar Solskjær, akaja Erik ten Hag, na Novemba 2024 akaja Ruben Amorim. Kila mmoja alilakiwa kwa nyimbo, na baada ya muda nyimbo zikageuka manung'uniko. Msimu wa 2024–25 timu hiyo ilimaliza ya 15, na hadi hapo ilikuwa imetimia miaka 12 tangu Ferguson aondoke bila ubingwa wa ligi kurudi. Na Moyes je? Juni 2023 aliiongoza West Ham kushinda fainali ya Ulaya mjini Prague, taji kubwa la kwanza la klabu hiyo tangu 1980. Januari 2025 Everton, waliokuwa wakimjua kwa miaka mingi, wakamwita arudi nyumbani. Hakuwa, basi, mtu asiyejua kazi. Alikuwa mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mwenyewe.

Wapenzi wa timu nyingine wasicheke. Arsène Wenger alipowasili Arsenal mwaka 1996 akitokea Japani, wengi waliuliza huyu ni nani. Mwaka 1998 akawapa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja, na msimu wa 2003–04 timu yake ikamaliza ligi nzima bila kufungwa mechi hata moja. Walimpenda mapenzi makubwa. Na baada ya miaka wakamwinulia mabango ya kumtaka aondoke, mpaka alipoondoka mwaka 2018.

Wala sisi wa hapa tusijione tumesalimika. Machi 2025 timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilimpata Benni McCarthy wa Afrika Kusini, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa ten Hag huko Manchester. Agosti mwaka huo, katika mashindano ya CHAN yaliyochezwa hapa kwetu, timu ilifika robo fainali, na kila mtu akawa mjuzi wa kumsifu. Mwezi uliofuata tukafungwa na Gambia 3–1 papo hapo Kasarani, na baadhi ya ndimi zilezile zikageuka. Ulimi hauna mfupa.

Bango la 1989

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ferguson huyuhuyu, ambaye Moyes alipimwa naye akaonekana mwepesi, naye alipata kuwa mgeni. Alipofika mwaka 1986 timu ilikuwa karibu na mkia wa jedwali. Miaka mitatu ikapita pasina kombe lolote. Septemba 1989 alifungwa 5–1 na majirani zake Manchester City. Desemba mwaka huo shabiki mmoja alikwenda uwanjani na bango aliloliandika kwa mkono, akimwambia kwamba miaka mitatu ya visingizio imetosha, na kwaheri. Msimu ule timu ilimaliza ya 13.

Wenye klabu hawakumfukuza. Mei 1990 akapata kombe lake la kwanza, Kombe la FA. Ubingwa wa ligi aliupata mwaka 1993, baada ya klabu kuukosa kwa miaka 26. Lau bango lile la Desemba lingetiiwa, mashabiki hawangeyaona mataji 38, na wala hawangekuwa na mpendwa wa kumlilia mwaka 2013.

Tazama basi jinsi kumbukumbu ya mwanadamu inavyohadaa. Aliyekwenda tunamkumbuka alivyokuwa mwisho wake. Aliyekuja tunamtazama alivyo mwanzo wake. Kisha twaweka mwisho wa yule na mwanzo wa huyu katika mizani moja, na twasema tumepima. Hiyo si mizani ya haki.

Kijana aliyepewa jeshi

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka wa 11 Hijria, Mtume wetu, s.a.w., alimteua Usama bin Zayd, r.a., kuwa amiri wa jeshi la kwenda upande wa Sham. Usama hakuwa ametimiza miaka 20. Chini ya bendera yake waliwekwa masahaba wakubwa kwa umri na utangulizi. Watu wakanong'ona: vipi kijana huyu awekwe juu ya wazee?

Habari zikamfikia Mtume, s.a.w., akiwa katika maradhi yake ya mwisho. Alitoka, akasimama mbele ya watu, na jibu lake lilikuwa la kutikisa nyoyo. Aliwakumbusha kwamba ikiwa leo wanautia dosari uamiri wa Usama, basi kabla yake waliutia dosari uamiri wa babake, Zayd bin Haritha, na ilhali Zayd aliustahiki uamiri huo. Zayd alikuwa amekwisha kufa shahidi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, bendera ikiwa mkononi mwake. Kufikia siku ile kila mtu alikuwa akimtaja kwa heri, na walikuwa wamesahau kwamba yeye pia alipata kunong'onewa.

Msomaji, hebu liweke jibu hilo kando ya bango la 1989. Mtume, s.a.w., hakuwataka wasubiri tu. Aliwaonyesha kwamba yule wanayemtukuza leo walimtilia shaka jana, na kwamba shaka yao ya jana haikuwa na msingi. Basi wajifunze kutoiamini shaka yao ya leo kwa haraka.

Alipofariki Mtume, s.a.w., baadhi ya watu walimwomba Abu Bakr, r.a., amwondoe kijana yule na kuweka mtu mwenye umri mkubwa. Akakataa kumwondoa mtu aliyewekwa na Mtume. Alipokuwa akilisindikiza jeshi, Khalifa wa Waislamu alitembea kwa miguu, naye Usama amepanda mnyama wake. Tena alipomhitaji Umar, r.a., abaki naye Madina, alimwomba Usama ruhusa. Hivyo ndivyo mkubwa ampavyo mgeni heshima yake mbele ya macho ya watu, ili wadogo wafuate.

Na asidhani mtu kwamba dini yetu yataka wenye madaraka wasiambiwe makosa yao. Abu Bakr huyohuyo, siku aliposhika ukhalifa, aliwaambia watu wamsaidie akitenda vyema na wamnyooshe akipotoka. Kunyoosha si kuvunja. Anayenyoosha huja kwa mkono wa taratibu na akijua anataka kupata nini. Anayevunja hutaka tu kusikia mlio.

Kumkumbuka aliyetangulia

Sasa tuingie nyumbani. Mama yule hakuomba marehemu asahauliwe, wala mimi siwezi kumwambia mume amsahau. Kumkumbuka mwema aliyetangulia ni katika utimizaji wa ahadi. Mtume wetu, s.a.w., hakuacha kumkumbuka Bi Khadija, r.a.; alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea fungu marafiki wa Bi Khadija. Lakini Bi Sauda binti Zam'a, r.a., alipoingia nyumbani mwa Mtume baada ya msiba huo, naye akakuta mabinti wa Bi Khadija, aliingia kama mke na mama wa nyumba, mwenye heshima yake kamili. Kumbukumbu ya aliyetangulia ilikuwa sadaka na wema kwa watu. Haikufanywa fimbo ya kumpigia aliyekuja.

Hapo ndipo tunapokosea wengi. Na si mke wa pili peke yake anayepatwa na haya. Hupatwa mwalimu wa madrasa anayeshika nafasi ya mwalimu aliyefariki. Hupatwa imamu kijana anayepanda mimbari ya mzee aliyekuwa na sauti ya kuliza watu. Hupatwa mkaza mwana anayeingia jikoni mwa mama mkwe. Nami niseme kweli: nilipoachiwa darasa la mwalimu wangu, mzazi mmoja alinijia wiki ya kwanza akaniambia kwamba zama za marehemu watoto walikuwa wakihifadhi juzuu upesi zaidi. Nilirudi nyumbani sikula. Baada ya miaka mingi ndipo nilipofahamu kwamba mwalimu wangu naye, alipoanza, aliambiwa maneno hayohayo.

Mama wa kambo ana mzigo mzito kuliko wetu sote. Kocha hurithi wachezaji waliochoka. Yeye hurithi watoto wenye majonzi. Mtoto akikataa chakula chake, pengine si chakula anachokikataa. Anakataa kukubali kwamba mamake harudi. Lau baba atasimama hapo akasema kwamba zama za mama yenu haikuwa hivi, atakuwa amempa mtoto bango la kumwinulia mlezi wake, na bango hilo litainuliwa kila siku.

Mambo ya kuanzia

Nawausia, nikianza na nafsi yangu, mambo matatu kwa wenyeji wanaompokea mgeni, na moja kwa mgeni mwenyewe.

La kwanza, mpeni muda, na mumpime kwa kile alichokikuta. Aliyekuta shamba lenye magugu hapimwi na aliyekuta mahindi yamekomaa. Baba ajiulize: watoto walikuwa katika hali gani siku mke huyu alipoingia, na leo wako katika hali gani? Hapo ataona mengi ambayo jicho la kulinganisha halikuyaona.

La pili, penye kosa mwambieni ana kwa ana, faraghani, tena kosa moja kwa wakati mmoja. Sura ya Hujurat, katika aya ya 11, imekataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao, na ikawataja wanawake peke yao wasiwadharau wanawake wenzao, kisha ikakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Wanaompachika kocha majina ya matusi mbele ya watoto wao wafahamu kwamba mtoto hajifunzi mpira hapo. Anajifunza kwamba mtu akishindwa inajuzu kumfanyia kejeli, na kesho atamfanyia mwalimu wake, na kesho kutwa mamake wa kambo.

La tatu, mwachieni mgeni kitu cha kuwa chake. Msimtake apike biriani ya marehemu. Hata akiipatia mtasema bado. Mwacheni alete mapishi ya kwao. Nyumba ina nafasi ya biriani mbili.

Na kwa mgeni mwenyewe, hasa mama anayeingia nyumba yenye kumbukumbu: usishindane na aliyekwenda, maana yeye hakosei tena. Moyes alipoingia Manchester aliwaondoa wasaidizi wa karibu wa Ferguson akaleta wake kutoka Everton, na wengi huona kwamba jambo hilo lilimponza, kwa kuwa aliwakosa watu wa kumwonyesha njia za nyumba ile. Basi usifagie kila kitu. Mwache khalati ya watoto, ndugu ya marehemu, aje kama alivyokuwa akija. Waulize watoto mama yao alipenda nini, nao watakueleza huku wakikusogelea. Mwombee marehemu maghufira mbele yao. Mtoto akikusikia unamwombea mamake, ataona kwamba hukuja kumfuta.

Kikombe cha kahawa

Siku chache baada ya darsa ile, nilipita baada ya swala ya Isha katika baraza anayokaa mume wa mama yule. Sikumtaja mkewe hata kwa neno moja. Nilikunywa kahawa, nikawasikiliza wakibishana juu ya kocha wao, kisha nikawasimulia habari ya Usama na babake. Walinyamaza. Nikawauliza, "Je, mtu akikuta timu inayoomboleza, ingefaa apewe muda zaidi au muda pungufu?"

Yule bwana akajibu upesi, "Zaidi, Sheikh. Huyo hata misimu mitatu haimtoshi."

Kisha akanyamaza. Alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kahawa. Wenziwe waliendelea na mjadala, yeye hakurudi tena. Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza hadi pembeni mwa njia, akasema kwa sauti ndogo, "Sheikh, nimefahamu." Baadaye, nilipomwomba idhini ya kuandika, aliniambia, "Andika. Nadhani si mimi peke yangu."

Baada ya wiki tatu mama yule alinisalimu baada ya darsa. Nikamuuliza hali ya nyumbani. Akatabasamu, akasema, "Sheikh, jana nimepika samaki wa kupaka wa kwetu. Amekula, hakusema kitu, wala hakumtaja mtu."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni sare ya ugenini. Si haba. Msimu bado mrefu."

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu insafu na huruma, awarehemu waliotutangulia, na awape subira waliokuja baada yao. Amin.